Wembe Sio Ule Ule

Wiki jana nilipoteza mia tano kwa mpira mweusi uliokuwa mdomoni mwa shimo. Mdomoni kabisa! Nikapiga, fimbo ikateleza, mpira mweupe ukaenda zake kando kama mtu aliyekataa salamu. Watu wakacheka, mimi nikalaumu chaki. Kuangalia ncha ya fimbo, nikakuta ngozi imechanika upande mmoja, inaning'inia kama kucha iliyovunjika. Kuna mtu alikuwa ameipunguza jioni hiyo hiyo, na wembe butu.

Mnajua vile tunafanya huku mtaani. Ncha ikigonga sana inapanuka, inamwagika nje ya fimbo kama uyoga. Mtu anaitisha wembe. Unaletwa ule wa kunyolea, wa makali mawili, tena umeshatumika, na jamaa anaanza kukwangua fimbo ikiwa mapajani. Maoni yangu ni haya, na najua wengine mtakasirika: huo wembe tuuache kabisa.

Kwanza ni mwembamba mno. Ngozi ya ncha imegongwa mpaka ikawa ngumu, kwa hivyo wembe ukiingia unapinda na kufuata njia yake. Unakula ngozi kwa ndani, ncha inabaki nyembamba kuliko fimbo. Pili, upande mmoja unakata ngozi, ule mwingine unangoja kidole chako. Tatu, kama umetoka kwa kinyozi, uligusa damu ya nani? Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba nyembe hazishirikiwi, halafu tunasahau sababu ya pool?

Tafuta kisu cha kata, kile cha kuvunja vipande, na uchukue kile kipana. Hicho hakipindi ovyo. Na hakinolewi: makali yakilala, shika koleo, vunja kipande, endelea na kipya.

Kama una kisu cha kawaida ama patasi ndogo, basi noa. Weka msasa wa maji namba 1000 juu ya kioo, mwagia maji kidogo, laza makali kwa pembe yake ya mwanzo, halafu vuta mgongo ukitangulia. Ukisukuma makali mbele utachana msasa. Geuza upande wa pili, kisha rudia kwa namba 2000. Malizia kwa kuvuta mara kadhaa kwenye mshipi wa ngozi. Jaribu makali kwa karatasi, sio kwa kidole gumba. Karatasi ikikatika bila kuraruka, uko sawa.

Kukata nako kuna adabu. Pindua fimbo, ncha ikae juu ya kipande cha mbao. Funga selotepu kwenye ile shaba isikwaruzwe. Kata kuelekea chini, vipande vidogo vidogo, ukizungusha fimbo. Ukiona unatumia nguvu, jua kisu ni butu. Simama, noa tena.

Kuna wale watasema mchezaji mkali hushinda hata na mti wa ufagio. Sawa, lakini chaki inashikwa na ngozi iliyo nzima. Mfaransa François Mingaud ndiye anayetajwa kuleta ncha ya ngozi mwanzoni mwa karne ya 19, na hapo ndipo mambo ya kuzungusha mpira yalifunguka. Hizo mbwembwe zote tunaringa nazo zinakaa kwa kangozi kadogo kuliko sarafu.

Na wenye meza, hapa nawaongelea nyinyi. Tunatumbukiza sarafu za 20 usiku kucha. Nunueni kisu kimoja kizuri, kikae kaunta, na mkebe wa kutupia makali ya zamani yasiachwe sakafuni. Watoto wanapita hapo asubuhi.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mimi mia tano yangu ishaliwa. Fimbo ya kwenu inapunguzwa na nini?