Mashine Inasema Nini?

Wanafunzi wenzangu, na nyinyi walimu wetu, departema ya sayansi za dunia inatayarisha orodha ya vifaa vya kununua. Nimeiona kwa macho yangu, kwani rafiki yangu anayesoma huko alinionyesha. Kuna nyundo za jiolojia, dira zenye kipimo cha mwinamo, GPS, kompyuta, droni moja na vipimo vya gesi. Mtauliza: hayo yatuhusu nini sisi watu wa lugha? Yanatuhusu, na tumechelewa kuomba kiti katika mkutano huo.

Nianze na siku moja ya kiangazi. Rafiki huyo aliniomba niwasindikize kwenye mazoezi ya uwanjani, magharibi ya Goma. Nilibeba maji na daftari, basi. Tulifika penye bonde dogo katikati ya mashamba, nyasi zimekauka, ndege wawili wamekufa chini. Wakashusha kipimo cha gesi kwa kamba, kikaanza kulia. Mama mmoja aliyekuwa akilima karibu akaja, akauliza: “Wanangu, hiyo mashine inasema nini?” Rafiki yangu akamjibu kwa heshima zote: “Mama, kuna dioksidi ya kaboni, asilimia kumi na mbili.” Mama akakitazama kile kioo, kisha akamtazama yeye. “Sasa, ni mazuku ao si mazuku?”

Kimya. Aliyemjibu ni dereva wetu, kutoka kwenye gari: “Ni mazuku, mama. Ya kuua.”

Kwa wasiokulia pande zile: mazuku ni gesi inayotoka ardhini kwenye nchi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala mabondeni na mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Hewa ya kawaida ina kama asilimia 0.04 tu ya dioksidi ya kaboni. Ikifika 10, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache. Haina rangi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona mahali ambapo mtoto wake, aliye mfupi, anaanguka. Yule mama aliijua hatari kuliko sisi. Alichokosa ni kujua namba ile ilisema nini juu ya shamba lake, asubuhi ile. Rafiki yangu alikuwa na namba, akakosa sentensi. Na mimi, mwanafunzi wa tafsiri, nilikuwa nimesimama pale na daftari langu jeupe. Hilo bado linaniumiza.

Tazameni tena neno lenyewe. Mazuku ni neno la Kiswahili cha huku kwetu, na leo limo katika makala za kisayansi za Kifaransa na Kiingereza bila kutafsiriwa. Sayansi ilikuja kukopa kwetu, na deni halijarudi shambani.

Orodha ile ina kasoro nyingine, ambayo wenyewe wanaijua: inahesabu bei ya kununua, haihesabu maisha ya kifaa. Kipimo cha gesi huchakaa. Lazima kirekebishwe mara kwa mara kwa gesi ambayo kiasi chake kinajulikana, la sivyo kitadanganya bila aibu. Darubini ya mawe haina kazi kama hakuna msumeno wa kukata jiwe na unga wa kulisaga mpaka libaki na unene wa milimita 0.03, mwanga upite. Na nani amesahau mwaka wa 2021? Kabla ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei, magazeti yaliandika kwamba kituo cha Goma kinachochunguza volkano kilikaa miezi bila pesa za intaneti ya kupokea habari kutoka mitambo iliyo mlimani. Mitambo ilikuwepo. Kilichokatika ni njia ya habari kutoka kwenye mtambo hadi kwa mtu. Basi njia hiyo ina kipande cha mwisho ambacho si waya: ni maneno.

Kama ningeulizwa, ningeifuta droni. Katika mkoa wenye vita, kurusha kitu angani ni kutafuta matatizo na watu wenye bunduki. Kwa pesa hizo wanunue nyundo na miwani ya kukinga macho, maana leo kundi zima linagombea nyundo moja. Programu ya QGIS ya kuchora ramani ni ya bure. KoboToolbox, ya kukusanyia majibu kwa telefoni, inakubali fomu moja iwe na lugha kadhaa. Telefoni tunazo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuandika maswali hayo kwa Kiswahili ambacho yule mama atakijibu bila kuomba msaada wa dereva.

Mtu huyo ni sisi. Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho juu ya riwaya zilezile. Wachache wetu wangeweza kukusanya majina ambayo wakulima na wachimbaji wanayatumia kwa mawe, udongo, nyufa na maporomoko, kwa Kiswahili na kwa Mashi, Kihunde, Kinande, kisha kuyapanga mbele ya maneno ya Kifaransa ya auditware. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba hayo yatawachanganya wanajiolojia, kwani mtihani wao ni wa Kifaransa. Mtihani ubaki wa Kifaransa. Mlimani hakuna mtihani, kuna watu wanaouliza. Na kila kipimo kiwe na karatasi ngumu iliyofungwa kwa kamba, yenye sentensi nne au tano: namba hii, ondoka, namba hii, watoto na mbuzi wasishuke, namba hii, rudi jua likipanda. Namba ziamuliwe na wao, sentensi tuziandike sisi, kisha tukazijaribu sokoni kabla ya kuzichapa.

Orodha haijatiwa sahihi bado. Ukurasa wa pili una nafasi tupu chini. Naomba kamati ya wanafunzi wa fakulte yetu iandike barua wiki hii. Nitaipeleka mimi mwenyewe, kwa miguu.