Ati Wavuvi ni Wavivu?

Leo nina neno la kusema, na atakayechukizwa naomba aniwie radhi.

Likizo ya Agosti nilibahatika kusafiri na mjomba wangu, ambaye ni baharia, hadi Madeira, kisiwa cha Ureno kilichoko katika bahari ya Atlantiki. Kisiwa hicho kilizaliwa na volkeno. Kule Porto Moniz, kaskazini magharibi, lava ilitiririka hadi baharini ikaganda ikawa mawe meusi, na baina ya mawe hayo mna vidimbwi ambavyo bahari yenyewe huvijaza. Wimbi likipiga mwamba wa nje, maji hurukia ndani, nawe waogelea bila hofu ya kuchukuliwa na mkondo. Walipa ada ndogo langoni, basi. Lakini baridi, jamani! Mimi niliyezoea Bahari ya Hindi nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Kupendeza kunapendeza, sikatai.

Hata hivyo, kilichonishikisha kalamu ni kijiji cha wavuvi kiitwacho Câmara de Lobos, upande wa kusini. Winston Churchill alichora picha hapo mwaka wa 1950, na hadi leo wageni hufika kupiga picha. Sisi tulifika saa sita mchana. Mashua za rangi rangi zilikuwa zimevutwa nchi kavu, na wanaume wamekaa kivulini wakicheza karata. Mtalii mmoja akatikisa kichwa akauliza, "Kwani hawa hawafanyi kazi?"

Mjomba alicheka. Samaki anayesifika hapo huitwa espada. Ni mweusi, mrefu kama mkunga, na meno yake yanatisha. Huvuliwa usiku, kwenye kina cha mita 800 na zaidi, kwa mshipi mrefu wenye ndoana nyingi zilizotiwa chambo cha ngisi. Sasa mtu aliyekesha akivuta mshipi huo, mchana unamtaka afanye nini? Awachezee watalii ngoma?

Maneno ya yule mtalii hayakuwa mageni masikioni mwangu. Nimeyasikia humu humu bwenini: ati sisi watu wa pwani ni wavivu, kazi yetu ni kahawa na bao. Baba yangu ni mvuvi. Hutoka saa nane za usiku kwa sababu maji hayangoji kengele. Kufikia saa nne asubuhi yuko barazani na bao lake, ndiyo, na karo yangu imetokana na changu na tasi aliowauza kabla nyinyi hamjanywa uji!

Kila mwaka safari yetu ya jiografia hufika pwani adhuhuri, tukaona Fort Jesus, tukaogelea, tukarudi. Mwaka huu napendekeza tulale huko usiku mmoja, tuamke mapema tuwe ufuoni mashua zinaporudi na samaki wakipigwa mnada. Baba nimeshamwambia, naye amekubali kutupokea.