Kudai Deni Si Uadui

Kila mwaka, katika muhula wa pili, mabweni hugeuka kuwa soko. Wanafunzi wa kidato cha nne, wanaongojea mtihani wa Novemba, huuza magodoro, matranka, ndoo na viatu, na wanunuzi ni wadogo zao wa vidato vya chini. Bei hupatana upesi. Shida ni malipo. Mnunuzi husema, "Kaka, nitakulipa tukirudi likizo fupi," na muuzaji, kwa kuwa ni rafiki yake, hukubali bila kuandika neno. Likizo hupita, fedha hazionekani, na muuzaji akiuliza huambiwa kwamba hana utu.

Mimi nasema kudai haki yako si uadui. Anayevunja urafiki ni yule anayekalia fedha za mwenziwe, si yule anayeziulizia. Tena tukumbuke kwamba godoro lile lilinunuliwa na mzazi, pengine kwa fedha za viazi vya Uporoto au mpunga wa Kyela. Asiyelipa hamdhulumu rafiki peke yake.

Wako wanaotisha, "Nitakupeleka polisi!" Maneno hayo hayafai. Deni la kawaida si kosa la jinai, wala kazi ya polisi si kukusanya madeni. Mtu mzima anayedaiwa aweza kushtakiwa katika Mahakama ya Mwanzo, na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa mwenye dai la mkataba miaka 6 ya kufungua shauri. Lakini sisi je? Sheria ya Mikataba yataka wanaopatana wawe wametimiza umri wa utu uzima, nao ni miaka 18. Wengi wetu hatujaufikia. Basi mapatano yetu ya bwenini, kwa kawaida, hayana nguvu mahakamani.

Hapo mjanja atacheka na kusema, "Vema, silipi." Mimi naona kinyume chake. Mahali ambapo hakimu hayupo, kilichobaki ni neno la mtu, na akilitupa hilo hana kitu kingine cha kuweka rehani.

Wafanyabiashara wanalijua jambo hili. Katika masoko yetu iko desturi ya mali kauli: mtu hupewa bidhaa leo, akauze, kisha alete fedha. Jina lenyewe laonyesha kwamba dhamana ni kauli yake. Hata hivyo mfanyabiashara mwangalifu haachi kuandika, maana wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tufanye vivyo hivyo, kwa utaratibu huu:

Kwanza, siku ya kuuziana andikeni kitu, bei, na tarehe ya kulipa, kisha mtie sahihi mbele ya mwenzenu mmoja. Karatasi hiyo si ya kumpeleka mtu mahakamani, bali ni ya kuzuia ubishi.

Pili, siku ikipita, muulize faraghani. Ukimwaibisha mstarini atatafuta maneno ya kujitetea badala ya fedha za kukulipa.

Tatu, akiwa hana zote, gawanyeni deni. Shilingi 40,000 ni nzito kwa mwanafunzi, lakini 10,000 mara nne zaweza kupatikana.

Nne, akikataa kabisa, mwendee mwalimu wa bweni, au mwambie mzazi wako azungumze na mzazi wake. Usichukue blanketi lake wala vitabu vyake kwa siri. Ukifanya hivyo, mwenye haki atageuka kuitwa mwizi, na deni litasahauliwa.

Wazazi nao nawaomba jambo moja: mwanao akirudi nyumbani na godoro au tranka usilolinunua, muulize amelilipia kwa nani na lini.

Nawe unayedaiwa, usimkwepe mwenzio kwenye foleni ya chakula. Dawa ya deni ni kulipa. Mwezi wa Novemba mwenye godoro ataondoka kwenda Chunya, Makete au Tukuyu, na huenda msionane tena, nawe utaendelea kulala juu ya mali yake kila usiku. Mwandikie mzazi wako wiki hii, ukamlipe angali hapa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne