Mutueli inalipa kitanda, njia inalipwa na nani?



Juma lililopita, kikao kilipoisha, mmoja wetu alibaki kwenye benchi akishika vitu viwili: kadi ya mutueli ya afya na daftari la likelemba. Akauliza: « Makuta ni kidogo. Nishike gani, niache gani? » Kila mtu alimjibu lake. Sisi tulimwomba atupe juma moja tufikiri. Jibu ni hili, na tunaona si lake peke yake.

Tukumbuke kwanza yaliyotupata mwaka jana. Mwenzetu alikuwa amelipa mutueli, na majina ya watoto wote yalikuwa yameandikwa. Kijana wake akaangukiwa na udongo katika shimo la dhahabu, mguu ukavunjika. Kituo cha afya kilimpokea na kumwandikia barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Hapo mambo yakasimama. Mutueli ilikuwa tayari kulipa sehemu yake huko hospitali. Lakini nani atalipa pikipiki? Nani atawalipa wabebaji wa tipoyi pale ambapo pikipiki haipiti? Na mama atakayelala pembeni ya kitanda atakula nini? Mama huyo alizunguka siku mbili akikopa. Mguu ulipona, lakini ulipona ukiwa umepinda.

Kadi haikumdanganya. Ilifanya kazi yake. Ni sisi ambao hatukujua kazi hiyo inaishia wapi.

Basi tutenganishe mambo matatu ambayo tumezoea kuyaita yote « kusaidiana ».

La kwanza ni likelemba. Kila mtu anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Ni nzuri kwa kununua sufuria, mabati, au kulipa masomo. Lakini likelemba inafuata zamu, na ugonjwa haufuati zamu. Kama umepokea mwezi wa 3 na mtoto akaugua mwezi wa 6, huna kitu. Likelemba si bima.

La pili ni mutueli ya afya. Familia nyingi zinatoa kidogo kila mwaka, na anayeugua analipiwa sehemu kubwa ya matunzo, naye anamalizia sehemu inayobaki. Tuchukue mfano wa darasani: hospitali imeandika dola 120, na mwanachama anatakiwa kumalizia sehemu 20 kwa 100. Atalipa dola 24. Ni pesa, lakini si shamba kuuzwa. Sote tunajua mwanamke aliyejifungua kwa kupasuliwa, akapona, halafu akakaa hospitali majuma mengine akisubiri mume apate pesa za kumtoa. Mutueli inapunguza aibu hiyo.

Wengine wanalalamika: mbona mutueli inataka niandikishe nyumba nzima, na mbona inanifanya ningoje miezi kabla ya kutibiwa? Sababu ni moja. Kama kila mtu angeandikisha mgonjwa peke yake, na siku ya ugonjwa tu, kese ingekwisha kabla ya mwezi. Wazima wa leo ndio wanaolipia wagonjwa wa leo. Kesho zamu inageuka. Kwa hiyo msingoje homa ndipo mkimbie kujiandikisha.

La tatu ni kese nyekundu. Walio katika MUSO wanaijua: kese ya kijani ni ya akiba na mikopo, kese nyekundu ni ya msaada, kese ya bulu ni ya pesa zinazotoka nje. Walio katika AVEC nao wana kese ya mshikamano, pembeni ya zile pati za kugawana mwisho wa mzunguko. Pesa ya kese nyekundu hairudi kwa aliyeitoa. Kwa sababu hiyo wengi wetu tunaitoa kwa shingo upande, tunaiacha ndogo, na inakwishia katika matanga. Hapo tunakosea.

Kwa maana huku Shabunda, ugonjwa mkubwa una bei mbili: bei ya kitanda na bei ya njia. Kutoka vijiji vingi hadi hospitali yenye muganga wa kupasua, ni safari. Kama ni lazima kufika Bukavu, ni safari kubwa zaidi. Mutueli inalipa kitanda. Bei ya njia, mara nyingi inabaki kwako. Kese nyekundu ndiyo inayoweza kuziba pengo hilo, kwa sababu iko karibu, na inafunguliwa siku ileile.

Tuhesabu. Wanachama 25, kila mmoja franka 500 kwa juma, ni franka 12.500. Kwa majuma manne ni franka 50.000. Kwa mwaka mzima wa majuma 52 ni franka 650.000. Pesa hiyo haitoshi kulipa upasuaji wa watu watatu. Lakini inaweza kumtoa mtoto kijijini usiku uleule. Kila kese na kazi yake.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwenzetu ni hili: usiache mutueli ili kushika likelemba. Punguza likelemba, lipa mutueli, na weka sehemu yako katika kese nyekundu bila kununa.

Lakini kabla ya kulipa mutueli yoyote, uliza maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Ni vituo gani na hospitali gani zinanipokea na kadi hii? Je, Bukavu ni ndani?
2. Nitangoja miezi mingapi? Na kwa kujifungua?
3. Nitamalizia sehemu gani kwenye kituo, na gani hospitalini?
4. Je, ajali ya pikipiki na ajali ya shimo la dhahabu zinalipwa?
5. Ugonjwa wa siku nyingi, kama kisukari, tansio au kansa, unalipwa wote, nusu, au hapana?
6. Usafiri wa mgonjwa unalipwa?
7. Kuna kiasi ambacho mutueli haivuki?

Msiogope kuuliza. Nchi yetu ina sheria ya mutueli, ya tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka 2017. Mutueli si duka la mtu. Ni ya wanachama wenyewe. Kuuliza hesabu ni haki ya mwanachama, si ubishi.

Tuongeze mambo matatu kwa kifupi. Dawa za kifua kikuu na za SIDA zinatolewa bure; anayezidai pesa aulizwe. Kujifungua bure, mpango wa serikali ulioanzia Kinshasa mwezi wa 9 mwaka 2023, ulizeni kwenye maternité yenu kama umefika na unalipa nini hasa, kabla ya kuutegemea. Na motari anayewabeba kila siku, mwulizeni kama ana bima. Kwa sheria ni lazima, nayo ni kwa ajili ya yule anayegongwa.

Kazi ya nyumbani kwa kila kikundi, kabla ya kikao kijacho: fungueni daftari la kese nyekundu. Andikeni bei ya njia kutoka kijiji chenu hadi hospitali, kwa pikipiki au kwa tipoyi, usiku na mchana. Kisha angalieni kama kese inaweza kulipa safari moja leo, bila kukopa. Kama haiwezi, ongezeni mchango kidogo kidogo hadi iweze. Na muamue mapema nani anashika funguo, na nani anafungua usiku rais wa kikundi akiwa shambani.

Mwenzetu wa mguu uliopinda ndiye aliyeomba tuandike haya. Alisema: « Sikutaka pesa nyingi. Nilitaka pikipiki. »

Tuonane juma lijalo.