Hesabu kwa Vijana: Miti ya Wagenia

Aliyefika Kisangani asiende Wagenia hajauona mji. Hapo ndipo penye poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma. Hapo wavuvi Wagenia husimamisha juu ya miamba viunzi vikubwa vya miti, huvifunga kwa kamba za mwituni, kisha huviangikia migono, yaani vile vikapu virefu vyenye mdomo mpana, ambamo nguvu ya maji huwasukumia samaki. Wageni hupiga picha. Sisi leo twataka kuhesabu miti.

Kila mti hukatwa msituni na kuchukuliwa hata mtoni. Si vema kufika majini na kuona kwamba umepungua mmoja. Tuseme, kwa ajili ya somo letu tu (maana mafundi wenyewe hujenga kadiri mwamba unavyowaruhusu), kila kiunzi kina miti 3 ya kusimama, na kati ya kiunzi na jirani yake hulazwa mti 1 wa kuviunganisha. Kiunzi kimoja chataka miti 3. Viwili vyataka 7, vitatu, 11, vinne, 15, vitano, 19. Huo ndio mfuatano wa namba.

Mtoto akiulizwa habari ya viunzi 10, aweza kuongeza 4 mara kwa mara hata afike, wala hatumlaumu. Lakini akiulizwa 100? Hapo aljebra yatupunguzia kazi. Idadi ya viunzi tuiite n. Miti ya kusimama ni 3n. Miti ya kulala ni n – 1, kwa kuwa kiunzi cha mwisho hakina jirani mbele yake. Jumla ni 3n + n – 1, yaani 4n – 1. Basi viunzi 10 vyataka miti 39, na viunzi 100 vyataka 399.

Wanafunzi wengi hujibu upesi: “Vitano ni 19, basi kumi ni 38.” Jibu hilo si la kuchekwa. Miti 38 yatosha safu mbili za viunzi vitano vitano, zisizoshikana. Uliokosekana ni ule mti mmoja wa kulala katikati. Na kama pengo kubwa la mto limeikata safu vipande viwili, 38 ndilo jibu la haki, na kanuni yawa 4n – 2. Kwa hiyo mwenye kutafuta kanuni atazame kwanza jinsi kitu kilivyojengwa, asitazame namba peke yake.

Namba peke yake zaweza kumpoteza hata mtaalamu. Huko mashariki ya Kongo yetu, mahali paitwapo Ishango, mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye alama zilizochanjwa, ambao umri wake wakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Sasa umewekwa Brussels. Safu moja ya alama hizo yasomeka 11, 13, 17, 19. Aliyeona mbili za kwanza tu angesema, “Kanuni ni 2n + 9,” na angengojea 15. Lakini mfupa waonyesha 17. Wengine wamesema hizo ni namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe; wengine, kwamba ni hesabu ya siku za mwezi. Aliyechanja hayupo wa kuulizwa. Wavuvi wa Wagenia wapo.

Tumalize kwa swali la kurudi nyuma. Mvuvi ana miti 60. Atasimamisha viunzi vingapi katika safu moja? Twaandika 4n – 1 = 60, hivyo 4n = 61, na n ni 15 na robo. Atasimamisha viunzi 15 kwa miti 59, na mti mmoja utabaki ukingoni.