Kitambi si Heshima

Huku kwetu mtu akirudi mlimani mwezi wa Desemba akiwa na kitambi, watu humsifu. Husema, "Mji umempokea vizuri." Akirudi amepungua, watu hunong'ona. Mimi nasema sifa hiyo haifai, na manong'ono hayo hayafai. Yote mawili yanatuharibia afya.

Hofu ya kukonda ina sababu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Miaka iliyofuata tulizika ndugu wengi waliokonda sana. Tangu hapo, tukiona mtu amepungua, tunafikiri maradhi. Lakini macho si kipimo. Mtu mnene anaweza kuwa mgonjwa, na mtu mwembamba anaweza kuwa mzima kabisa.

Mafuta yakizidi mwilini, hasa tumboni, huweza kuleta kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo. Watafiti waliwapima watu wa kijiji cha Shari, Machame, na watu wa Ilala, Dar es Salaam. Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Kisukari kilikuwa kingi zaidi Ilala. Watu wa huko walikuwa wanene zaidi, na miili yao haikufanya kazi nyingi.

Je, sisi wa vijijini tufurahi? Hapana. Maisha ya mjini yanapanda mlima. Zamani tulikwenda sokoni kwa miguu. Leo wengi hupanda pikipiki. Zamani maji yalichotwa mferejini. Leo nyumba nyingi zina bomba uani. Haya ni maendeleo, nami siyapingi. Lakini kazi ya mwili imepungua, na soda, chipsi na maandazi vimeongezeka.

Wako wanaosema, "Shida ya kijijini ni njaa, si unene." Ni kweli njaa haijaisha. Ndiyo maana mwaka 1975 taifa liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Lakini siku hizi nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mtu mzima aliyenenepa kupita kiasi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi. Kula vibaya si kula kidogo tu.

Basi tufanye nini? Usijitese kwa njaa. Anayejinyima chakula kwa majuma mawili hupungua, kisha hushindwa na kurudi kula kama zamani. Uzito nao hurudi. Wala usipoteze fedha kwa dawa za kupunguza tumbo zinazotembezwa stendi. Dawa ya kuharisha hutoa maji na choo. Haitoi mafuta. Njia ya kweli ni kupunguza chakula kidogo na kuongeza kazi kidogo, kila siku, miaka yote.

Anza na haya:

1. Kunywa maji badala ya soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari kama vijiko vidogo 8 au 9.

2. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko. Usimimine kutoka kwenye chupa. Gramu moja ya mafuta hutia mwili nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya sukari.

3. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, kama mnafu, mchicha au kabichi. Robo iwe maharage, samaki au nyama. Robo iwe ndizi au ugali. Ndizi si adui. Adui ni mlima wa ndizi katika sahani moja.

4. Punguza mbege. Ni ndizi na ulezi, na kilevi chake nacho hunenepesha.

5. Mtori wa mzazi mwachie mzazi. Yeye ananyonyesha. Bwana anayeshinda dukani amekaa hana sababu ya kula kama mzazi.

Upande wa kazi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ajishughulishe angalau dakika 150 kwa juma. Hiyo ni dakika 30 kwa siku 5. Tembea harakaharaka. Shuka kwenye pikipiki mapema, umalizie kilima kwa miguu. Huhitaji mashine, kihamba kinatosha. Hapa nawaambia wanaume wenzangu: majani ya ng'ombe mara nyingi hubebwa na mama. Baba akiubeba mzigo huo, atapunguza kitambi chake na uchovu wa mkewe.

Huna mizani? Chukua kamba yenye urefu sawa na wako. Ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi. Mama mjamzito asitumie kipimo hiki.

Usiwe na haraka. Nusu kilo kwa juma inatosha. Kwa majuma 4 ni kilo 2. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwone mganga kwanza. Na mtu anayekonda bila kukusudia aende hospitali upesi.

Ndugu msomaji, jirani yako akianza kutembea asubuhi na kukataa soda, usimcheke wala usimsingizie ugonjwa. Fuatana naye.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini watu wa kijijini kwenu huogopa kukonda?
2. Ukipunguza nusu kilo kila juma, utapunguza kilo ngapi kwa majuma 10?
3. Katika nyumba yako, nani hubeba mizigo mizito? Je, ni haki?