Msiwasingizie Wazazi wa Simiyu

Hoja inayorudiwa magazetini, kwamba watoto wenye ulemavu wa Simiyu hawasomi kwa sababu wazazi huwaficha, inamlaumu asiye na mamlaka na kumwacha mwenye bajeti. Wapo wanaoficha, sikatai. Lakini Kanda ya Ziwa, ulimo mkoa huu, ndiko watu wenye ualbino walikouawa kwa tamaa ya viungo vyao. Mzazi aliyemfungia mwanawe ndani miaka ile alikuwa akimlinda. Serikali yenyewe iliwakusanya watoto wenye ualbino katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, mkoa uliozibeba Bariadi, Maswa na Meatu, wilaya za Simiyu ya sasa, hadi 2012. Tuseme nayo iliwaficha?

Tazama kinachomsubiri mtoto akishaandikishwa. Elimu bila malipo ilianza 2016, vema, ila kwa familia hizi mzigo ni njia: mtoto asiyetembea hubebwa mgongoni au kwenye baiskeli, kwenda na kurudi, na mama akishinda hivyo, pamba itapaliliwa na nani? Ruzuku ya shule ya msingi imekuwa ikikokotolewa kwa Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mashine ya breli haitoki humo. Watasema bweni ndilo jibu. Kwa baadhi, ndiyo. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mtoto asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Kumtenga na mamaye akiwa na miaka 7 kusiwe njia ya mkato ya halmashauri. Madiwani wa Bariadi, wekeni kwanza kwenye bajeti mlango wa choo unaopitisha kiti mwendo, ndipo muwahoji wazazi.